Kijana Mmoja, Wasichana Watano, na Uani kwa Mzee Faraji

Juzi tulimzika Bi Salima, na nimerudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Si hasira ya kifo. Alikuwa mtu mzima, ameugua, ameondoka na shahada mdomoni, na kaburi lake limechimbwa kwenye mchanga mzuri nyuma ya mikorosho. Hasira yangu ni ya shemeji yake, ambaye baada ya maziko alisimama chini ya turubai kutoa shukrani, akasema marehemu alikuwa mwanamke wa subira, kwamba miaka yote aliyoishi na Mzee Faraji, kaka yake huyo shemeji, hakuwahi kunyanyua sauti wala kulikataa neno la mumewe, na kwamba wasichana wa siku hizi wamtazame yeye wajifunze. Sisi wanawake tulikuwa ndani, kwenye mikeka, tunamsikia kupitia dirishani. Mwanaidi, mke mwenziwe Bi Salima, alikuwa ameniegemea begani. Nilimtazama, naye akanitazama, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakaanza kumtikisika. Watu wakadhani analia.

Hakuwahi kunyanyua sauti! Nilitamani nitoke nje na upande wangu wa kanga nikamwambie yule bwana kwamba mimi nilikuwapo, nilisikia kwa masikio yangu haya, na nusu ya Kibiti ilisikia. Sikutoka, kwa sababu msiba una adabu zake. Jioni kwenye basi nikamsimulia binti yangu, anayesoma chuo Dar es Salaam, nikidhani angalau yeye atanielewa. Nilipofika kwenye katuni za Kijapani akanikatiza. "Mama, hizo zinaitwa anime. Na hizo za mwanamume mmoja na wasichana kibao wanamgombania ndizo za ovyo kuliko zote. Zinamdhalilisha mwanamke." Basi kwa siku moja nikawa nimekosewa mara mbili, kwanza na yule mwenye kanzu chini ya turubai, kisha na msomi, na wote wawili hawakuwahi kuketi katika banda la shangazi yangu. Ndiyo sababu naandika sura hii.

Mwaka ninaousema ulikuwa katika zama za ruksa, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Baada ya miaka ya kupanga foleni ya sabuni, vitu vilikuwa vinamwagika nchini kama vile mtu kafungua ghala akasahau kufunga: redio, baiskeli, viatu, nguo za mitumba za kila rangi. Vilipanda mabasi, vikakwama kwenye matope ya barabara ya kusini pamoja na abiria, na vilipokwamuka vikateremshwa Kibiti. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Mbwera, kule deltani, kuja kukaa na shangazi yangu, Shangazi Somoe, dada yake baba, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzito aliyeachika na kukataa kuolewa tena. Alikuwa akiuza vitumbua na chai kando ya barabara. Mwaka ule aliuza kiwanja alichoachiwa na mama yake, akaenda Dar es Salaam, akarudi na jenereta, televisheni na deki ya video. Ndugu zake wote walisema amerukwa na akili, na baba yangu ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Banda lenyewe lilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya nyumba, kuta za fito na udongo, paa la mabati lililopiga kelele kila embe lilipoanguka. Madirisha tuliyaziba kwa magunia ili picha ionekane mchana. Chini tulitandika mikeka, na huko nyuma kulikuwa na mabenchi mawili ya vijana wasiotaka kukunja suruali zao. Kulinuka mafuta ya jenereta na nywele zilizopakwa nazi. Jenereta lilikaa nje chini ya kijipaa cha makuti, na Shangazi mwenyewe ndiye aliyeliwasha: anajifunga kanga kiunoni, anaweka mguu mmoja juu yake, anavuta kamba na kulitukana kwa Kindengereko mpaka likubali. Televisheni na deki vilikuwa mitumba ya Japani. Vilikuja na transfoma yake, kwa kuwa umeme wa kwao ni mdogo kuliko wetu, na ndani ya katoni ya deki mwenye kuvituma alikuwa ametupia kanda kadhaa kuzuia vitu visigongane. Muuzaji wa Dar alizitoa bure. Alisema hazina faida, ni katuni, halafu zinasema Kijapani kitupu.

Usiku banda lilikuwa la wanaume, na wao walitaka mateke na bunduki. Alasiri lilikuwa la wanawake. Baada ya sala ya adhuhuri na kuosha vyombo, walikuja mmoja mmoja kwa njia ya nyuma, kupitia kwenye migomba, kila mmoja na kitu chini ya kanga: mihogo ya kuchoma, embe za chumvi na pilipili, kamba wakavu waliokaangwa. Mwanzoni tuliwawekea picha za Kihindi. Walilia mpaka mikeka ikalowa. Bibi harusi anateswa na mama mkwe, anavumilia, anaimba, anavumilia tena, mwisho mume anatambua thamani yake, na wanawake wanaamka na macho mekundu wanakwenda kuwapikia waume zao kwa unyenyekevu mpya. Shangazi alikuwa akisimama mlangoni anawatazama wakitoka. Siku moja aliniambia, "Hawa wanakuja kwangu wamechoka, wanaondoka wamechoka zaidi. Hebu weka zile za bure tuone."

Ndivyo tulivyomjua Kijana. Jina lake hatukulipata, kila walipomwita ilikuwa kelele tu, kwa hiyo akawa Kijana. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, mwembamba, nywele za kusimama, hana akili darasani, hana nguvu, akipika anaunguza, akitembea anajikwaa. Akapanga chumba katika nyumba yenye wasichana watano, na wote watano wakampenda tangu siku ya kwanza. Mmoja alikuwa na panga, mmoja bingwa wa vitabu, mmoja tajiri mwenye gari, mmoja hasemi kabisa, na yule mkubwa wao, ambaye sisi tulimwita Mke Mkubwa, alikuwa na kofi lililomrusha Kijana mpaka mawinguni, akawa nyota, kisha akarudi chini akatoboa paa. Akiona aibu damu inamtoka puani kama bomba. Siku ya kwanza akina mama walisikitika, wakasema malaria imempanda kichwani, apelekwe zahanati. Baada ya siku chache walikuwa wanaisubiri ile damu kwa hamu.

Mimi nilikuwa msimuliaji. Nilisimama kando ya televisheni na fimbo ya kufukuzia kuku, nikieleza. Kijapani sikijui hata leo, lakini zile kanda nilikuwa nimezitazama peke yangu asubuhi kwa asubuhi, na michoro ile ilikuwa inajieleza. Kwa mfano kulikuwa na jambo moja ambalo sijaliona katika picha yoyote ya watu wazima. Wale wasichana walijua kwamba wamo ndani ya katuni. Katikati ya mapenzi mmoja wao anageuka, anatutazama sisi tulioketi mikekani Kibiti, anainua mabega, uso wake unasema: mnaliona jambo hili? Kuna siku Kijana alijikwaa akaangukia kifua cha msichana mmoja, na mwingine akatoa ubao wenye vistari akaongeza kistari, vilikuwa vimejaa ubao mzima. Yaani walijua upuuzi ule umerudiwa mara ngapi, na waliudhika kuliko sisi. Hapo ndipo wanawake walipocheka kicheko ambacho sijakisikia tena, cha kutoka tumboni, wengine wanapiga mikeka kwa viganja, mwingine anatoka nje kujisaidia anarudi mbio asipitwe.

Binti yangu anasema ile ni ndoto ya wanaume. Ndiyo, najua, sikuzaliwa jana. Mwanamume asiye na lolote anapendwa na wanawake watano wenye kila kitu, hiyo ni ndoto ya wanaume wa dunia nzima, na pale Kibiti kulikuwa na wanaoishi nayo mchana kweupe bila kuchorwa. Lakini picha za Kihindi ziliisimulia ndoto hiyo kwa machozi na vinanda, zikituomba tuamini. Katuni ile ilituonyesha ndoto nzima, kisha ikatukonyeza. Ilisema waziwazi kuwa hili halina maana, hakuna sababu, tumeamua tu. Mwanamke ambaye maisha yake yote ameambiwa kuna sababu kubwa, kuna hekima, wewe hujaifikia tu, akisikia mtu anakiri kwamba hakuna, anapona kitu fulani. Nakasirika watu wanaposema katuni ni mambo ya watoto. Watoto walikuwa wakiingia wanachoka, wanatoka kucheza. Waliobaki ni akina mama wenye wake wenza.

Bi Salima alikuwa mmoja wao. Mke mkubwa wa Mzee Faraji, mwenye duka la mbele ya stendi na mnunuzi wa kamba na mpunga kutoka deltani. Mwanamke mnene, mpole wa kutembea, alikaa sehemu moja kila siku, mgongo ukutani, miguu kainyoosha. Kando yake alikaa Mwanaidi, mke wa pili, ambaye nyumbani walikuwa hawasemezani. Kwenye banda walikuwa wanasukumana kwa viwiko. Bi Salima aliniita "Mwanangu Hawa", na kila nilipomaliza kusimulia alinipa fungu la kamba aliobaki nao, akasema, "Kula, umepiga kelele sana leo."

Upande wa mbele wa nyumba yetu, chini ya ukingo wa paa, wanaume walikuwa na kikao chao cha kahawa, na ukuta kati ya kikao hicho na chumba nilicholala ulikuwa na ufa. Kupitia ufa huo nilisikia jambo langu kabla sijaambiwa. Sauti ya Mzee Faraji ilikuwa inasema mtoto wa Mbwera anayesimulia sinema amemwona, ana afya, ana sauti, na kwamba nyumba ya wake wawili ni kama jiko la mafiga mawili, chungu hakikai. Wenzake wakacheka, wakamtania kuhusu magoti. Yeye akasema ameshazungumza na baba yangu, na baba amekubali, kwa sababu wao ni watu wa biashara moja siku nyingi. Nilikuwa nimekaa kitandani nachambua mchele kwenye ungo. Nakumbuka niliendelea kuchambua mpaka nikawa natupa mchele na kubakiza mawe.

Shangazi alisafiri kwenda Mbwera kuzungumza na kaka yake, akarudi na baba mwenyewe. Walizungumza chumbani, mlango wazi, mimi nipo uani nakuna nazi.

"Kaka, mtoto hataki."

"Mtoto anajua nini? Faraji ni mtu. Ana nyumba ya bati, ana dini, hakosi sala."

"Ana wake wawili."

"Na uwezo wa wanne anao. Somoe, mie nimekwisha kutoa neno langu. Unataka nile matapishi yangu mbele za watu? Wewe ndoa yako imekushinda, usimfundishe mwanangu."

Shangazi alitoka akaja kukaa kitako pembeni yangu, akachukua kifuu kilichokwisha kukunwa akakigeuzageuza mkononi. Mpaka leo nikikumbuka ile "ndoa yako imekushinda" damu inanichemka. Baba yangu nilimpenda na nimemwombea dua nyingi, lakini sentensi ile sijamsamehe, na nadhani Shangazi alikufa nayo.

Sasa lazima nieleze desturi moja, ili linalofuata lieleweke. Kwetu, mwanamume akitaka kuongeza mke, humtolea mke mkubwa kifuta machozi: kanga, godoro jipya, sufuria, pengine na pete. Vitu vinatandazwa uani mbele ya mashahidi wa pande zote. Mke mkubwa akivibeba akaviingiza chumbani kwake, vigelegele vinapigwa, ameridhia, na kuanzia hapo hana tena mdomo. Wa upande wa bibi harusi nao wanangoja hapo hapo, maana si heshima kumpeleka binti yao penye mke mkubwa mwenye kinyongo. Ni desturi inayosifiwa sana kwa uungwana wake. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini machozi yanafutwa kabla ya kuulizwa yametoka wapi. Alipoolewa Mwanaidi, Bi Salima alivibeba vitu vyake kimya, na watu wakamsifu.

Mzee Faraji akaipanga siku yake, Jumapili, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mwanamume wa heshima zake tu ndiye angelifanya. Mtu wa umri wake, hajji mtarajiwa, hakuweza kuonekana akiingia kwenye banda la video, ingekuwa aibu. Kwa hiyo hakuwahi kuiona katuni hata mara moja. Alichokijua ni kile kilichosemwa kwenye kahawa: kwamba kwa Somoe kuna picha ya mwanamume mmoja anaishi na wanawake watano chini ya paa moja, na wote wanampenda, na wake zake Faraji hawakosi alasiri hata moja. Akafurahi sana. Akaja kwa Shangazi amevaa kofia ya kutarizi.

"Bibi Somoe, Jumapili ile niletee mtambo wako nyumbani. Na ile picha ya wale watano."

"Ile ya katuni?" Shangazi akauliza.

"Ee, hiyo hiyo. N'nataka wote waitazame kwa pamoja, na wazee nao waone. Picha ya mafundisho kama ile si ya kufichwa vichochoroni. Ikiwa watano wanaelewana, hawa wangu watatu watashindwa nini?"

Uso wa Shangazi haukusogea. "Haya, Mzee," akasema. "Kama unaona ina mafundisho, tutaileta." Mzee alipoondoka, Shangazi akaingia chumbani, akafungua katoni ya kanda, akatoa moja iliyochakaa kuliko zote, akanipa. "Chukua hii. Ile ya mchoraji."

Jumapili hiyo uani kwa Mzee Faraji palifagiliwa mpaka ardhi ikang'aa. Kulikuwa na pilau ya nyama, wali wa nazi na kamba wabichi, kachumbari, ndizi mbivu, na sharubati ya ukwaju kwenye ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Wanaume walikaa barazani kwenye viti, baba yangu kati yao amevaa kanzu ya kuazima. Wanawake walikaa chini uani. Katikati, kwenye mkeka mpya, vilitandazwa vitu vya Bi Salima: doti za kanga, godoro la sponji lenye maua ambalo bado lilikuwa na nailoni yake, na seti ya sufuria zilizopangwa kwa ukubwa. Nilikuwa nimefungwa ushungi, nimekatazwa kula mbele za watu, na kazi yangu niliyopewa na bwana harusi mtarajiwa mwenyewe ilikuwa kusimulia. Shemeji mtu, huyu huyu wa juzi kwenye turubai, akiwa kijana wakati huo, alisimama akamwambia Bi Salima, "Haya dada, beba vitu vyako tupige vigelegele."

Bi Salima alikuwa na mfupa mkononi. "Niacheni nile kwanza," akasema. "Halafu niitazame hiyo picha yenu. Vitu havina miguu, vitanisubiri."

Wazee wakacheka, wakasema mwanamke na tumbo lake. Wakala. Jenereta likawashwa nje ya ua, televisheni ikawekwa chini ya veranda ili jua lisiiguse, na nikasimama na fimbo yangu. Nilijua picha ikiisha atabeba, kwa sababu hakukuwa na mwanamke aliyewahi kutobeba, na nilijua akibeba mimi nimekwisha.

Mwanzoni Mzee Faraji alifurahi. Kila msichana alipotokea alihesabu kwa sauti, akawageukia wazee. Kijana alipojikwaa ngazini alikunja uso kidogo. Alipounguza wali akauliza, "Huyu ndiye bwana mwenyewe?" Nikamjibu, "Ndiye, Mzee." Alipopigwa kofi akaruka mawinguni, wazee wawili barazani walikohoa. Baba yangu alikuwa anatazama kanzu yake.

Kisha ikaja sehemu ya mchoraji. Wale wasichana wamekaa mezani wanamgombania Kijana, mara Mke Mkubwa anasimama, anashika pembe ya picha kama anayeshika shuka, anaichana, anatoka nje ya karatasi. Anamkuta mzee mdogo mwenye upara, kalamu masikioni, amelala juu ya meza ya kuchorea. Wenzake wanamfuata kupitia kwenye tundu. Wanamzunguka. Yule wa panga anamwekea panga. Mke Mkubwa anamnyooshea kidole Kijana, kisha anamgeukia mchoraji, anafoka.

"Anasema nini?" akauliza Mzee Faraji. "Hawa, huyo mkubwa anasema nini?"

Sauti yangu ilitoka bila kutetemeka, nashangaa mpaka leo. "Anamuuliza aliyewachora: ulimpa nini mwanamume huyu hata sote tumpende? Tutajie kimoja."

Katika picha Mke Mkubwa aliinua mkono ili ahesabu sifa za Kijana vidoleni. Akainua kidole cha kwanza. Akakitazama. Akafikiri. Jasho likamtoka, tone moja kubwa la bluu. Mchoraji naye akakitazama kile kidole. Wasichana wote wakakitazama. Kisha taratibu, kidole kikiwa bado hewani, akageuka akatutazama sisi, uani kwa Mzee Faraji, kama anayeomba msaada.

Mwanaidi ndiye aliyeanza, kwa mlio mdogo kama chafya. Halafu Bi Salima. Alicheka mpaka ushungi ukamwanguka, akashika mkeka kwa mikono miwili, akacheka hadi wanawake wote wakawa wanacheka, hata mama yake Mwanaidi, kikongwe asiyeona vizuri. Mzee Faraji alisimama akasema, "Zimeni! Zimeni hiyo takataka!" Ndipo Bi Salima aliponyanyua sauti kumwita mumewe. Aliinyanyua vizuri, na ukuta wa ua haukuwa mrefu, na nje kulikuwa na watu wa stendi waliokuja kusikiliza jenereta.

"Baba Shabani! Kaa kitako nikuulize. Na wewe, alikuchora nani?"

Bi Salima akainuka, kwa shida, kwa sababu ya miguu yake, akauendea ule mkeka mpya. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amelibeba godoro kifuani, na nailoni yake inalia, lakini hakuelekea chumbani kwake. Alipanda nalo barazani akalilaza miguuni pa mumewe. Akarudi kuchukua kanga. Mwanaidi akamwinukia akabeba sufuria. Hawa wawili ambao walikuwa hawasemezani wakapanga kila kitu pale barazani, sufuria kwa ukubwa, kama vilivyokuwa.

"Mara ya kwanza nilipokea," Bi Salima akasema, sasa anahema. "Nilidhani kuna sababu kubwa, mie sijui, nyie wanaume mnaijua. Leo nimetafuta moja tu, kwa kidole hiki. Sikuipata. Siridhii. Nimesema mbele ya mashahidi."

Shangazi Somoe hakupoteza muda. Alimgeukia baba yangu pale pale. "Kaka, umesikia mwenye nyumba. Kwetu binti hapelekwi penye kinyongo. Neno lako hukulila wewe, limerudishwa kwako." Baba alinyanyuka, akavaa viatu, akaondoka bila kunawa mikono. Ndivyo nilivyookoka. Aliyeniokoa ni mwanamke mnene aliyecheka, na leo wanamzika kama mtu aliyenyamaza.

Baada ya hapo Mzee Faraji hakumwacha mke yeyote, alihitaji wapishi. Hasira zake zilikwenda kwingine. Haikupita wiki, mgambo wakaja kwa Shangazi wakasema banda linaharibu maadili, wakabeba televisheni, deki, transfoma na katoni yote ya kanda. Picha za mateke zilizoonyeshwa usiku hazikuwa zimeharibu maadili ya mtu. Jenereta waliliacha kwa sababu lilikuwa zito. Shangazi alirudia vitumbua vyake, na sikumsikia akijuta wala kuomba chochote kirudishwe. Miaka kadhaa baadaye mabanda yalikuwa kila kona, na mojawapo lilikuwa la mtoto wa Mzee Faraji.

Nilikwenda kumshukuru Bi Salima siku moja asubuhi, mumewe akiwa dukani. Nilimkuta jikoni anatwanga kisamvu, Mwanaidi anakuna nazi mlangoni, wanabishana kuhusu chumvi. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo, nikaanza hotuba niliyoitunga njia nzima, kwamba amenifanyia jambo ambalo mama mzazi tu ndiye angelifanya.

"Nyanyuka, mwanangu, utachafua nguo," akanikatiza. "Sikukufanyia wewe. Mie nilikuwa nimechoka. Wewe ulitokea kuwa karibu."

Nikanyanyuka. Bi Salima akatwanga mara mbili tatu, kisha akaegemea mchi, akatazama mlango wa jiko, akashusha sauti.

"Nasikia wamechukua hata zile kanda."

"Zote, Bi Salima."

"Wewe uliziona mpaka mwisho?"

"Niliziona."

"Basi n'ambie. Yule Kijana, mwisho wake alimwoa nani? Yule mkubwa?"

"Hakumwoa."

"Yule asiyesema?"

"Hakuoa yeyote, Bi Salima. Wao wenyewe walisusa. Kanda ya mwisho inaishia anapika peke yake."

Mwanaidi aliacha kukuna nazi. Bi Salima alinitazama kuona kama namdanganya.

"Akaunguza?"

"Akaunguza."

"Alhamdulillahi," akasema, akanyanyua mchi.